Nukta na Kinachofuata

Nukta naiweka kwa kidole gumba.
Brashi huivimbisha, gumba huikata.
Miaka kumi na tisa natundika majina ya watu,
Gerezani, Mtaa wa Lindi, hadi Buguruni Sheli,
na herufi sijawahi kuiogopa.

Bango la Bi Mwanahawa Pazi nililichora mwaka wa mafuriko:
pampu ya buluu, tone la maji,
na chini yake anwani, kwa herufi nyembamba:
kisimapampu, nukta, co, nukta, tz.
"Hiyo tz ikoleze," alisema,
"watu wajue mimi si wa hewani."

Wiki iliyopita karudi, uso umemshuka.
Kuna mwalimu mstaafu wa Chanika, Lusajo,
katuma nusu ya kiinua mgongo chake
kwa Kisima Pampu isiyo na pampu,
isiyo na mlango, isiyo na Bi Mwanahawa.
Jina lile lile. Mkia tu mwingine.
Alipofika dukani kuulizia mzigo wake
alikaa juu ya pipa, akavua kofia,
akaomba maji,
hakuyanywa.

Nikauliza: kwani mikia iko mingapi?
Bi Mwanahawa akacheka kicheko cha msibani.
Zamani, alisema, ilikuwa ya kuhesabu vidoleni.
Sasa wamefungua ghala: kuna mkia wa duka, wa klabu,
wa mji, wa maua, wa harusi, wa talaka labda,
na kila unaozaliwa unambishia hodi kwa barua:
Mpendwa mteja, wahi jina lako
kabla hajaliwahi mwingine.
"Jina nimelibuni mwenyewe, jikoni kwangu,
na sasa nalinunua mara ya sita!
Kila mwaka nalipa, kama kodi ya vyumba
ambavyo silali wala sipangishi."

Mpwa wake Kondo, anayesomea kompyuta,
hakuinua macho kwenye simu.
"Majina mazuri, Shangazi, yaliishachukuliwa na waliotangulia.
Sisi tuliochelewa tujiite nani?"
Hakuna aliyemjibu.
Nami nikaona ana lake.

Nikapima bango: futi nane kwa nne.
Mikia sita ikiingia, pampu itabidi ihame.

Nikakumbuka ukuta wa marehemu baba yake, Ilala Bungoni,
yeye kanishikia ngazi, mimi na kopo la rangi nyekundu:
NYUMBA HII HAIUZWI. MATAPELI KAENI MBALI.
Maneno yale yaliilinda nyumba, kwa sababu
nyumba ina ukuta, ukuta una mtaa,
na mtaa una mjumbe anayejua
nani kazaliwa chumba kipi.
Jina hili, ukuta wake uko wapi
niegemeze ngazi?
Na mjumbe wa nyumba kumi wa huko hewani ni nani,
nimpelekee Mwalimu Lusajo na risiti zake?

Tumeafikiana hivi, kwa leo:
nimefuta tone la maji,
nimeandika namba ya simu, jina la mtaa,
mkabala na fundi magodoro, mlango wa kijani,
halafu anwani moja, ile ile ya kwanza,
na mbele yake nimeacha nafasi, shubiri mbili,
maana Bi Mwanahawa bado anafikiri.

Shuleni tulifundishwa nukta ikifika
unainua kalamu, unavuta pumzi.
Gumba langu limelowa rangi nyeusi, liko juu, linasubiri.
Chini ya ngazi Kondo ananisomea
mkia mpya uliotoka leo asubuhi.